Hita ya maji ya gesi: maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu sevisi na vipuri

Mimi ni fundi wa hita za gesi hapa Arusha. Baridi ikiingia, kuanzia Mei mpaka Agosti, simu haitulii, na maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa kama watu wanavyoyauliza. Nazungumzia hita ndogo ya ukutani inayowaka yenyewe ukifungua maji, ile ya lita 6 mpaka 10 kwa dakika, inayotumia gesi ya mtungi.

Moshi wa hita unakwenda wapi?

Hili karibu hakuna anayeniuliza, ndiyo maana nimeliweka la kwanza.

Hita ya lita 6 ikifunguliwa yote huchoma karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Ni kama kuwasha mafiga manne makubwa ya jiko la gesi kwa pamoja. Moto huo unakula hewa: mtu akioga dakika 10 tu, hita imeshatumia karibu robo ya hewa yote ya bafu la mita 2 kwa 2. Hewa ikipungua, gesi haiungui sawasawa na inatoka kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inashikana na chembe nyekundu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inalegea, analala. Wengi hudhani ni malaria au uchovu.

Kwa hiyo hita isiyo na bomba la moshi, ile yenye matundu juu tu, haifungwi bafuni. Iwekwe nje ukutani, barazani au kwenye ujia wenye upepo, chini ya kibati cha kuzuia mvua, halafu mabomba ya maji yapite ukutani kuingia bafuni. China, zinakotoka nyingi ya hita hizi, ilipiga marufuku kuuza aina hiyo tangu mwaka 2000 kwa sababu ya vifo. Kwetu bado zinauzwa madukani na watu wanazifunga pembeni ya bomba la mvua.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya wageni, malalamiko ni kwamba hita inazima kila baada ya dakika chache. Nilikuta imefungwa ndani ya bafu, dirisha limezibwa kwa nailoni kuzuia baridi. Asubuhi ile mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikutwa amekaa sakafuni, kichwa kinamgonga, miguu haimbebi. Aliokoka kwa sababu hakuwa amefunga komeo. Sikubadilisha kipuri hata kimoja. Nilitoboa ukuta, nikaihamishia hita nje, na haikuzima tena. Ilikuwa ikizima kwa kukosa hewa, kama yule mama.

Nikifungua maji haiwaki kabisa, hata ule mlio wa ta-ta-ta hausikiki. Imekufa?

Mara nyingi haijakufa. Elewa kwanza inavyofanya kazi. Maji yakipita yanasukuma mpira mwembamba wa duara, diaframu. Diaframu inasukuma kipini, kipini kinabonyeza swichi ndogo, swichi inaamsha kisanduku cha umeme. Kisanduku ndicho kinachopiga cheche na kufungua njia ya gesi. Ukikosa ule mlio, tatizo liko kabla ya gesi: ni betri, maji au diaframu.

Anza na betri. Hita nyingi zinatumia betri mbili kubwa, zile za tochi za zamani, volti 1.5 kila moja. Weka mpya zote mbili za alkalaini, usichanganye mpya na kuukuu. Tazama na vibati vya kushikia betri. Bafu lina mvuke, vinaota kutu ya kijani, na ukivisugua kwa msasa laini hita inaamka. Kuna watu walikuwa tayari wametafuta pesa ya hita mpya kwa kutu ya namna hiyo.

Baada ya betri ni maji. Fungua bomba la maji ya moto: je, yanatoka kwa nguvu ileile ya siku zote? Kama yamepungua, soma majibu mawili yanayofuata.

Kama hita ni mpya na haijawahi kuwaka tangu ifungwe, angalia kama fundi hakugeuza mabomba. Maji baridi yakiingizwa upande wa kutokea, diaframu haisukumwi hata presha iwe ya kupasua bomba.

Kichujio kiko wapi, na nikisafishe lini?

Kiko pale maji baridi yanapoingilia, chini ya hita. Funga koki ya maji, fungua nati kwa spana, utaona kikapu kidogo cha nyavu. Kisugue kwa mswaki mkuukuu, kirudishe. Dakika 10 zimekwisha.

Kwenye maji ya kisima yenye mchanga, kila mwezi. Kwa maji ya mamlaka, kila miezi mitatu, na kila mara bomba la mtaani linapopasuka na kutengenezwa, kwa sababu maji ya kwanza huja na tope. Usikitupe kichujio eti kinapunguza presha. Mchanga ukipita pale unakwenda kukaa kwenye diaframu, na hapo utalipa zaidi.

Tangi langu liko juu ya nyumba. Presha inatosha?

Pima kwa urefu, kuanzia usawa wa maji ya tangi mpaka kichwa cha bomba la mvua. Kila mita 10 za kimo zinakupa baa 1. Tangi lililo mita 3 juu linakupa baa 0.3 tu. Kwenye kibandiko cha hita tafuta kiwango cha chini cha presha. Kama kimeandikwa MPa 0.02, hiyo ni baa 0.2, sawa na kimo cha mita 2, na hita hiyo inafaa nyumba ya tangi la juu. Kama ni kikubwa kuliko kimo chako, ama unainua mnara wa tangi, ama unaweka pampu ndogo.

Kabla ya kununua pampu, fungua kichwa cha bomba la mvua utazame matundu yake. Yakiziba kwa chumvi, maji yanapita kidogo na hita haiwaki. Kiloweke kwenye siki usiku mzima.

Nitajuaje kama ni diaframu, na naweza kuibadilisha mwenyewe?

Diaframu iliyotoboka inajionyesha polepole. Kwanza hita inawaka ukifungua maji mpaka mwisho tu. Baada ya wiki inawaka siku hii, kesho inagoma. Mwishoni kimya. Betri ni mpya, kichujio ni safi, maji yanatoka vizuri, mlio hakuna.

Mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuibadilisha. Funga valvu ya mtungi, funga koki ya maji, toa betri au chomoa umeme. Vuta vitufe vya mbele, fungua skrubu za kifuniko, kiondoe. Weka beseni chini na ufungue skrubu ya kumwagia maji. Sehemu ya diaframu ni kile kichwa cha duara chenye skrubu kuzunguka ukingo, upande wa maji yanapoingilia. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote. Naisema hii kwa msisitizo, kwa sababu nimeletewa hita kwenye mfuko wa plastiki, vipande vipande.

Ukifungua utaona mpira mweusi wenye kisahani katikati. Ushike juani, uvute taratibu kwa vidole gumba pale mpira unapokutana na ukingo wa kisahani. Ndipo unapochanika, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila unapofungua maji. Mara nyingi ni kitundu kidogo kama cha sindano, mwanga unapenya. Kitundu hicho kinatosha kusawazisha presha ya pande mbili, na diaframu haisogei tena.

Nenda dukani na ile kuukuu mkononi, usitaje jina la hita tu. Hita zenye jina moja huja na vichwa vya ukubwa tofauti. Ilinganishe: upana uleule, matundu yaleyale pembeni, unene uleule. Ukiirudisha, kisahani kitazame upande wa kipini, na tundu la pembeni lilingane na njia ya maji kwenye mwili wa valvu. Kaza skrubu kwa kupishana, hii na inayotazamana nayo, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za tairi. Kipini kikiwa kigumu kipake grisi ya silikoni. Usipake mafuta ya kula wala grisi ya gari, yanavimbisha mpira.

Fungua maji kwanza bila gesi, uangalie kama panavuja. Pakiwa pakavu, ndipo ufungue mtungi.

Inapiga cheche lakini haiwaki.

Gesi haifiki, au inafika na cheche haiipati. Kama umetoka kubadilisha mtungi, mpira una hewa ndani. Funga na ufungue maji mara tatu nne mpaka gesi ifike. Baadhi ya regulata zina kizuizi kinachojifunga ukifungua mtungi kwa pupa, kwa hiyo funga, subiri kidogo, fungua polepole.

Kama si hivyo, tazama ncha ya cheche. Iwe na nafasi ya milimita 3 mpaka 5 kutoka kwenye bana (pale moto unapowaka), na isiwe na masizi wala utando wa buibui. Buibui wanapenda sana matundu ya bana, hasa hita iliyokaa miezi bila kuwashwa. Betri iliyochoka nayo inaweza kupiga cheche lakini ikashindwa kuivuta ile valvu ya umeme ya gesi. Ikibaki kuwa valvu yenyewe, mwachie fundi.

Inawaka, halafu inazima baada ya sekunde chache.

Karibu na ncha ya cheche kuna kijiti kingine kinachogusa moto. Hicho ndicho jicho la hita: kisipouona moto, kisanduku kinafunga gesi, na ni vizuri kifanye hivyo. Kikishika masizi hakioni. Zima kila kitu, acha ipoe, kifute kwa msasa laini sana, hakikisha waya wake haujalegea. Kazi ya dakika 5. Usije ukakubali fundi akuunganishie waya ili "kuidanganya" hita. Hita isiyoona moto itaendelea kumwaga gesi mbichi.

Inazima katikati ya kuoga.

Hapa sababu ni nyingi, na dawa ni kutazama inazima wakati gani.

Kama ni dakika 20 kamili, haijaharibika. Hita nyingi zina saa ndani ya kuzima zenyewe, kwa usalama. Funga maji, fungua tena.

Kama mtungi ni wa kilo 6 na unakuta jasho au barafu nje yake, gesi haiwahi kugeuka mvuke kwa kasi ambayo hita inaitaka. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kabisa kuchemka ikikaribia nyuzi 0. Asubuhi ya Julai, mtungi mdogo uliobaki robo unachoka haraka. Tumia wa kilo 15, au Kenya wa kilo 13. Usiupashe mtungi moto kwa namna yoyote.

Kama maji yanakuwa ya moto sana kabla ya kuzima, swichi ya joto kali imejikata. Maji yanapita kidogo mno, au rejeta, lile bomba la shaba linalopasha maji, imeziba. Na kama hita iko ndani ya nyumba, rudi kwenye jibu la kwanza kabla ya kugusa chochote.

Moto umekuwa wa njano na kuna masizi.

Moto mzuri ni wa bluu. Njano inasema hewa haitoshi au gesi imezidi. Safisha vumbi kwenye bana kwa brashi laini na upepo wa pampu ya baiskeli, safisha na mapezi ya rejeta juu yake. Kisha tazama regulata. Hita za mtungi zimetengenezwa kwa presha ndogo, na kwenye kibandiko utaona LPG Pa 2800 au karibu na hapo. Ile regulata ya majiko ya mahotelini, ya kuzungusha, inatoa presha kubwa mno. Usiifunge kwenye hita.

Nyumba za milimani zina shida yake. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Nairobi karibu 1,700. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo hita iliyowaka bluu pwani inaweza kuwaka njano huku. Anza kwa kupunguza kitufe cha gesi. Kupunguza jeti, vile vitundu vya kutolea gesi, ni kazi ya fundi.

Na hita ya gesi asilia usiilete kwenye mtungi. Kuna nyumba Mikocheni, Dar es Salaam, zimeunganishwa gesi asilia kwa bomba. Jeti za hita zake ni pana, na kibandiko kinasema NG. Ukiifunga kwenye mtungi, moto unaruka mpaka nje ya kifuniko.

Ikiwaka inalipuka "bum!" Ni kawaida?

Si kawaida. Gesi inajikusanya kabla ya cheche kuikuta. Acha kuitumia siku hiyohiyo mpaka bana, cheche na presha vikaguliwe.

Nimefunga maji lakini moto unaendelea.

Funga mtungi sasa hivi. Kipini kimekwama au valvu haifungi, na maji yaliyosimama ndani ya rejeta yanachemka. Hita hiyo isiwashwe tena mpaka ifunguliwe na fundi.

Maji yetu ni ya chumvi. Rejeta nitaisafishaje?

Rejeta naiita hivyo kwa sababu inafanana na ya gari: bomba la shaba linalozunguka na mapezi membamba. Maji magumu yakipashwa moto yanaacha ukoko ndani ya bomba, kama ule unaouona chini ya birika. Watu wa visima vya Dodoma na wa pwani wanaujua. Ukoko unazuia joto lisifike kwenye maji, gesi inaisha haraka, na shaba yenyewe inaungua.

Funga maji na gesi, toa betri, mwaga maji, tenganisha mabomba yote mawili. Koroga gramu 50 za unga wa sitriki, ule wa kutengenezea juisi, kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu. Siki nyeupe nayo inafaa, ila ni polepole. Ingiza kwa mpira na faneli kupitia bomba la kutokea mpaka rejeta ijae. Utasikia inachemkachemka, ndiyo ukoko unavyoyeyuka. Iache saa moja, mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila rangi, kisha suuza kwa maji mengi. Asidi ya betri au dawa kali ya choo usijaribu, inakula shaba na hutajua mpaka siku ivuje. Ikishavuja, kuna mafundi wanaochomelea, lakini kama shaba imekonda utachomelea hapa kesho ivuje pale. Badilisha rejeta nzima.

Maji yanadondoka kwenye maungio. Nazungushia tepu, bado.

Kwa sababu ungio lenye nati inayozunguka na washa bapa (kipete cha mpira) ndani halizibwi kwa tepu. Linazibwa na washa. Fungua, toa washa iliyokakamaa, weka mpya, kaza. Tepu ni ya nyuzi za bomba zinazobana zenyewe. Kwa upande wa gesi, tepu na washa ziwe za gesi. Mpira wa kawaida wa maji unaliwa na gesi na kulainika.

Mpira wa gesi na regulata vibadilishwe lini?

Mpira mzuri umechapwa mwaka. Mimi sisubiri upasuke, nabadilisha kila miaka mitatu, na ulio juani kila miaka miwili. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa kama za kisigino kikavu, umekwisha. Unapobadilisha, badilisha na klipu zake. Regulata ikitoa mlio wa kuvuja au ikifanya moto kupanda na kushuka, usiifungue kuitengeneza, nunua nyingine. Soma inatoa kilo ngapi kwa saa. Hita ya lita 10 inahitaji karibu kilo 1.5, na regulata ndogo ya jiko la figa moja inaweza isifikie hapo.

Kila unapogusa maungio ya gesi, pima kwa povu la sabuni ya maji. Paka, tazama taa ya simu ikimulika. Povu likiota na kukua kama jicho, panavuja. Kiberiti hakipimi uvujaji.

Nikisikia harufu ya gesi?

Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu. Usiwashe wala kuzima taa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo na chini ya vitanda, kwa hiyo ipe muda itoke. Piga simu ukiwa nje. Tanzania, Zimamoto ni 114.

Sevisi kamili ni mara ngapi, na fundi afanye nini?

Mara moja kwa mwaka, na Aprili ndiyo mwezi mzuri, kabla baridi haijaanza na sisi mafundi hatujazidiwa. Simama naye. Afungue kifuniko, asafishe bana na mapezi, kichujio, kijiti cha moto na ncha ya cheche, akague diaframu, apime maungio yote kwa povu, awashe hita dakika 10 huku akitazama rangi ya moto. Bomba la moshi alipapase mpaka mwisho wake nje. Nimewahi kukuta kiota cha ndege ndani, chenye makinda. La hita isiyo na feni lipande juu, la hita yenye feni liiname kidogo kuelekea nje ili mvua isiingie.

Kwa ndugu zetu wa Makete na Kitulo, kwenye usiku wa barafu, mwageni maji yaliyo ndani ya hita kabla ya kulala. Maji yakiganda ndani ya shaba yanaipasua.

Hii ya kuitwa "giza", ni kitu kilekile?

Ndiyo. Jina limetoka Iceland, kwenye chemchemi ya maji moto iitwayo Geysir. Mchoraji mmoja wa London, Benjamin Waddy Maughan, alitengeneza hita ya gesi ya bafuni mwaka 1868 akaipa jina hilo. Maji yalimwagika moja kwa moja kati ya hewa ya moto iliyotoka kwenye bana, na haikuwa na bomba la moshi. Waliokuja baada yake waliliongeza. Hita yako kama haina, itoe bafuni wiki hii.